Kiti cha Mlangoni

Wafu wote wa Kwa Nduku walikuwa wamekaa mlangoni.

Niliona hilo asubuhi, nimeketi kwenye jiwe nje ya nyumba ya mama yangu, tableti magotini na chai ikinipoa mkononi. Mbele yangu kulikuwa na ramani ya pango, na juu ya ramani vidoti vyekundu, kila kidoti mtu aliyekata roho humo ndani wakati wa Tanuri. Nilikuwa nimevitazama tangu jana nisiambulie kitu. Kisha nikaondoa miaka, nikavipanga pamoja kana kwamba wote walikufa siku moja, na loo! Vikajikusanya upande mmoja kama sisimizi kwenye tone la asali. Si kwenye vyoo, si penye matangi. Mlangoni. Na wote walikuwa wazee.

Nikahisi baridi mgongoni, na Kwa Nduku baridi haipatikani ovyo.

Ofisini naitwa mshauri wa takwimu. Mwaitu, yaani mama yangu, huwaambia majirani kwamba mwanawe Mutheu analipwa kusoma namba za watu wengine, na siwezi kusema amekosea. Mashine hukusanya, wakubwa hufungia kabatini, na mwenye kuhusika hasa, yule mwenye jerikeni mgongoni, haambiwi lolote. Mimi huzichukua zile namba nikazipika mpaka zilike. Safari hii Idara ya Hifadhi ilinituma nyumbani kwetu kabisa, na swali moja tu: kwa nini wazee wa Kwa Nduku wanafia pangoni ilhali pumzi iliyotolewa inatosha?

Hilo "inatosha" lilikuwa neno lao. Langu nilikuwa sijalipata.

"Mutheu!" Mwaitu aliita kutoka jikoni. "Hiyo chai unainywa au unaihubiria?"

"Nainywa, Mwaitu."

"Basi inywe upesi. Bendera imepanda."

Niliinua macho. Kule kilimani bendera nyeupe ilikuwa juu kweli. Kwingine nyeupe ni amani, lakini kwetu maana yake Tanuri imetoka bondeni, na kabla jua halijafika utosini itakuwa juu yetu: upepo wa moto mkavu unaochoma mapafu kabla haujachoma ngozi. Ng'ombe hufa wamesimama. Mtu aliyebaki nje hupiga kelele kidogo tu, halafu basi. Ndege walikuwa wamekwisha kuhama, na mimi na usomi wangu wote sikuwa nimeutambua ukimya ule.

Uani, dada yangu Mwikali alikuwa akikaza leso. Mgongoni alikuwa amempachika binti yake Kalondu, mtoto aliyekwisha kung'oka meno ya mbele, miguu mirefu ikining'inia mpaka magotini kwa mamake.

"Wacha wee!" nikacheka. "Huyo si mtoto tena, huyo ni mzigo wa kuni. Mshushe atembee."

Kalondu akanionyesha pengo lake. Mwikali hakucheka.

"Tukienda pangoni hubebwa."

"Na Mumbua?"

Mumbua ni dadake Kalondu, amemzidi kidogo tu. Alikuwa amesimama pembeni na ndoo yake, tayari kwa safari.

"Mumbua anatembea."

"Sasa mbona mmoja abebwe na mwingine—"

"Mutheu, umetumwa na serikali au umekuja nyumbani?"

Nikaacha kuuliza. Ila macho hayana breki. Ng'ambo ya ua, kwa mzee Musembi, nikamwona msichana wa kutosha kuchota maji amefungwa mgongoni mwa mjomba wake. Boma la pili, mtoto wa darasa la tatu yuko juu ya babake, aibu imemjaa usoni. Boma la tatu vilevile. Kila nyumba ilikuwa imembeba mtoto aliyeweza kabisa kutembea, na kila nyumba ilikuwa na mmoja tu wa namna hiyo.

Kikombe kikaniponyoka.

Mashine inayoendesha mapango yote ya ukanda wetu inaitwa Mlezi. Macho haina, kwa sababu macho ya mashine hupofushwa na Tanuri. Ina sakafu. Pale kizingitini sakafu husikia nyayo na kumhesabu kila anayekanyaga, na wale waliotajwa wakitimia mlango hujifunga. Pumzi nayo hupimwa mapema. Mwenye nyumba husimama mbele ya sikio la Mlezi akatamka kwa mdomo wake wako wangapi kwake, na Mlezi hujaza matangi kwa kauli hiyo, fungu moja la pumzi kwa kila mtu, la kumtosha mpaka Tanuri ipite. Vipimo vya pangoni vikionyesha kwamba watu wanapumua kuliko walivyotajwa, Mlezi huandika "kifaa kibovu" na kuendelea na shughuli zake. Kauli ya mwenye nyumba haipingwi na kifaa. Babu zetu waliipigania sheria hiyo, wasije wakahesabiwa na chuma kama mbuzi wa mnadani.

Hapo ndipo walipojichimbia shimo, maana kwetu mtu hahesabu watoto wake. Muulize mama ana wangapi, atakwambia, "Ni hao unaowaona." Aliyehesabiwa ameonyeshwa, na aliyeonyeshwa hufuatwa. Mimi nilikulia ndani ya maneno hayo, nikaenda shule, nikadhani yamebaki kuwa maneno.

Kumbe kila mwenye nyumba alikuwa amesimama mbele ya Mlezi na kumwacha mmoja nje ya kauli yake, ili kifo kikija na hesabu mkononi kikose pa kumshika. Halafu yule aliyeachwa huingia pangoni bila kukanyaga sakafu.

Na akishaingia, anapumua.

*

Bwana Odera, mkuu wangu wa kazi, alipiga simu nikiwa bado naokota vigae vya kikombe.

"Mutheu, nipe jibu kabla mawasiliano hayajakatika. Ni kifaa au ni watu?"

"Tuseme kuna watu ambao hawakutajwa," nikasema, nikijaribu kuilegeza sauti. "Tuseme tu."

"Basi Mlezi aambiwe sasa hivi."

"Akiambiwa itakuwaje?"

"Mlango haujafungwa, kwa hiyo hao ni ziada. Ziada haiingii. Inangoja lori."

"Lori liko wapi?"

"Liko njiani."

"Njiani wapi, Bwana Odera? Mimi naiona bendera kutoka hapa."

Alikohoa. "Mimi sikuitunga sheria, dada."

"Na wakijulikana baada ya mlango kufungwa?"

"Hapo mlango haufunguki tena, maana ukifunguka mtaiva nyote. Mlezi atalazimika kutoa akiba, ile iliyo ndani ya mwamba. Lakini ni kwa kauli ya wenye nyumba wenyewe, kila mmoja na yake. Si kauli yako, si yangu."

"Akiba ipo kweli?"

"Takwimu zinasema imejaa."

"Kuna mtu aliyewahi kuiona?"

"Ala! Wewe ndiye mtu wa takwimu, halafu unaniuliza mimi? Sikia, niandike kifaa kibovu? Tutabadilisha kipimo, mambo yaishe."

Nikatazama ua wa mama yangu. Kalondu alikuwa akimsuka Mumbua nywele kutoka kule juu mgongoni, huku anaimba. Nikiandika watu, huyu atabaki chini ya bendera akingoja lori ambalo halipo. Nikiandika kifaa, mzee mwingine ataketi mlangoni, na baada ya Tanuri tutachimba kaburi na kusema uzee.

"Ngoja kwanza," nikasema, nikaizima.

*

Mwaitu alikuwa chumbani, amekwisha kuoga na kuvaa leso yake nzuri, ile ya harusi ya Mwikali. Alikuwa anajipaka mafuta miguuni polepole.

"Umependeza," nikasema. "Unaenda wapi?"

"Pangoni, kama wenzangu. Leo kiti ni changu."

Sikuuliza kiti gani. Kila mtoto wa Kwa Nduku anakijua, kigoda cha miguu mitatu kilichowekwa kando ya mlango wa pango, akalie mkubwa kuliko wote. Ni heshima. Tulipokuwa wadogo tulikionea wivu. Tanuri iliyopita alikikalia bibi Kamene, na bibi Kamene sasa alikuwa kidoti kwenye tableti yangu.

"Usiende kukaa pale, Mwaitu."

"Kwa nini?"

"Sakafu ya pango imeinama kuelekea mlangoni. Hewa safi inatoka kule nyuma, ile chafu inateremka na kukaa pale. Hewa ikipungua, mlangoni ndiko inakoisha kwanza."

"Najua," akasema, akachovya kidole kwenye mafuta.

Kama angenipiga kofi ningeelewa zaidi.

"Unajua?"

"Susu yako alinieleza. Naye alielezwa na aliyemtangulia. Wageni wakiwa wengi, aliyekwisha kula huinuka mezani. Sisi tumekula, Mutheu."

Susu ni nyanya yangu, mama yake Mwaitu. Alifia pangoni mimi nikiwa mdogo. Ninachokumbuka ni mkono wake akinipungia kutoka kwenye kigoda, na mimi niko juu, naona vichwa vya watu wote.

Niko juu. Mgongoni kwa mtu.

"Susu alikufa kwa uzee," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Susu yako alikuwa na meno yake yote, alikuwa analima. Uzee gani huo?" Mwaitu akafunika kopo la mafuta. "Nilisema nina watoto wawili. Nikamtaja nduguyo Nzioka, nikamtaja Mwikali. Wewe nilikufunga kwa leso."

Nilikaa kitandani. Maisha yangu yote nimejiona mtu wa namba, na kumbe mimi mwenyewe nilikuwa ile tofauti ambayo Mlezi aliiita kifaa kibovu. Niliogopa, sisemi uongo. Niliogopa kama mtu anayechungulia kisima halafu anaona kuna mtu chini.

"Basi leo haiendelei," nikasema. "Namwambia Mlezi ukweli."

"Mwambie." Mwikali alikuwa amesimama mlangoni, sijui alikuwa hapo tangu lini. "Mwambie, kisha umchukue Kalondu wewe mwenyewe, umkalishe pale nje, umwambie anti ameenda kutafuta lori."

"Mwikali, kuna akiba. Tukishaingia, kila mwenye nyumba aseme—"

"Nani aseme? Mimi nilisema! Nilisoma kama wewe, nikawacheka kama wewe. Nilipokuwa na nyumba yangu, Mlezi akaniuliza, nikamtaja Kioko wangu, jina na umri, tena kwa madaha. Mwezi haukuisha, nikamzika. Haya, nichoree ramani yake."

Ramani ningeweza kuichora. Kioko alikufa kwa homa, na mwaka ule homa ilifuata maji ya mto wa juu, nyumba kwa nyumba. Ninao ushahidi. Lakini kuna uso wa mtu ambao huwezi kuuwekea ushahidi mbele.

Nje, king'ora kikalia. Mwikali akainama kumwinua Kalondu, goti likamkatalia, wote wawili wakayumba ukutani.

"Nipe," nikasema.

"Wewe?"

"Nipe mtoto, Mwikali. Tutaiva hapa tukibishana."

Nikamfunga Kalondu mgongoni kwangu kwa leso ya mama yangu. Alikuwa mzito, na jasho lake lilikuwa na harufu ya moshi na sabuni. Akanikumbatia shingo.

"Anti," akaninong'onezea, "ukipanda sakafu mimi husimamisha pumzi. Wewe usiogope."

*

Tulipanda kilima kwa mstari, watu wote wa Kwa Nduku, bila mazungumzo. Nyuma yetu bonde lilikuwa limekwisha kupotea. Palikuwa na ukuta wa rangi ya kutu, unasogea bila haraka, na mbele yake miti ilikuwa ikinyauka tukiiona. Hewa ilianza kuuma puani. Mtu mmoja alijikwaa, wenzake wakamnyanyua bila hata kusimama.

Kizingitini, mabamba ya sakafu yalikuwa yakilia kidogo kila mguu ulipokanyaga. Mlezi alikuwa akiwakaribisha watu kwa ile sauti yake ya mwalimu wa chekechea. Mwaitu akapita. Mwikali na Mumbua wakapita. Nikakanyaga mimi.

"Karibu, mgeni wa Idara," ikasema sauti. Kisha ikanyamaza. Nyuma yangu foleni yote ikasimama. "Hatua yako ni nzito kuliko jana ulipokuja kukagua."

Hawa wengine walikuwa wamejifunza kukanyaga. Wanajua kuteleza kwa ncha za vidole, wanafundishana toka utotoni. Mimi nilikuwa nimekanyaga kama mtu wa mjini.

"Umebeba nini?" ikauliza.

Mgongoni, Kalondu alikuwa hapumui. Moyo wake mdogo ulikuwa unanigonga uti wa mgongo. Mbele yangu mzee Musembi alikuwa amegeuka, midomo imemkauka. Neno langu moja lilitosha. Ukweli ungefunga mlango kwa kila aliyekuwa mgongoni mwa mtu.

"Vifaa vya kazi," nikasema.

"Kauli ya mgeni imepokelewa."

Nikavuka. Mimi ninayekula mkate wa takwimu safi, nilikuwa nimemdanganya Mlezi mchana kweupe. Nyuma yetu mlango ukajifunga kwa uzito wake.

"Wametimia," akasema Mlezi.

*

Tanuri ilipofika tuliisikia kwanza kwenye mlango. Chuma kilianza kulia, sauti nyembamba kama ya mbwa aliyefungiwa. Watoto wakabanwa vifuani. Taa zilikuwa hafifu, matangi yakikoroma kule nyuma, na kwa muda mrefu ikawa si vibaya. Watu waligawana maji. Mtu akasema mzaha, wawili wakacheka.

Kisha nikaona miayo.

Alianza mmoja, akafuata mwingine, ikazunguka pango zima. Kichwa changu kikaanza kunigonga. Watoto wakalala pale walipokuwa, usingizi mzito usio wa kawaida. Nikageuka kutazama mlangoni.

Mwaitu alikuwa ameketi wima kwenye kigoda, mikono magotini, leso yake imenyooka. Akaniona namtazama, akatabasamu kidogo kuniambia yuko sawa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Nikatambaa mpaka kwake, nikamshika mkono kumvuta, akaung'ang'ania ukingo wa kigoda.

"Rudi nyuma, mama," akasema. "Unakula hewa ya bure huku."

Nikainuka, nikaenda mpaka katikati ya pango, nikasimama chini ya taa.

"Washusheni watoto," nikasema.

Hakuna aliyejongea.

"Siwaombi namba. Sitataja mtu. Wale mliowabeba, washusheni, waje hapa kwangu." Nikamfungua Kalondu. Alikuwa ameamka nusu, macho mazito. Nikamketisha chini ya taa. "Wangu huyu hapa."

Mwikali akatoa sauti kama aliyechomwa, lakini hakuja kumwondoa. Mzee Musembi akanitazama sana. Kisha akamsogeza msichana wa nyumbani kwake, yule wa kuchota maji. Akaja mwingine. Leso zikaanza kufunguliwa pande zote, na watoto wakaja wakiyumba kwa usingizi, wakakaa chini ya taa bega kwa bega, hadi nafasi ikawa finyu, hadi mimi mwenyewe nikalazimika kurudi nyuma.

Kila mtu alikuwa anamjua wake. Kila nyumba ilikuwa ikisema moyoni: mmoja tu, mmoja hawezi kumaliza hewa ya watu. Sasa waliwaona wote mahali pamoja, kundi zima, wa kujaza darasa na wengine wasimame nje.

"Hawa ndio wanaopumua pumzi ambayo hatukuiomba," nikasema. "Sasa geukeni mmtazame anayewalipia."

Wakageuka kutazama mlangoni. Kichwa cha Mwaitu kilikuwa kimeanza kuinama.

"Kamene alikaa pale. Kabla yake Mbithe, kabla yake susu yangu. Ndani ya huu mwamba kuna akiba. Mlezi haitoi mpaka mwenye nyumba aseme ukweli kwa mdomo wake. Mimi nimejaribu kutafuta njia nyingine, haipo."

"Wewe umeiona hiyo akiba?" akauliza Musembi.

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimekwisha kuanza, siku ile.

"Sijaiona. Takwimu zinasema ipo."

"Na sisi takwimu zetu zilisema watoto wako hivi, kumbe wako vile," akasema mzee taratibu. "Hao wa Idara nao je, kama wamejaza tangi kwa mdomo?"

Hilo ndilo lililokuwa linanitafuna tangu asubuhi. Tungeweza kuwataja watoto wote, tukamwonyesha kifo mahali walipo mmoja mmoja, halafu tukasikia mwamba umenyamaza. Woga ule niliuona ukipita usoni kwa kila mama, nami sikuweza kuuita ujinga, kwa maana ulikuwa kwangu pia.

Chuma kililia.

"Nipisheni," ikasema sauti mlangoni.

Mwaitu alikuwa ameinuka. Alikuja ameshika ukuta, hatua moja, kupumzika, hatua nyingine, mpaka mbele ya sikio la Mlezi, lile tundu dogo lililo mwambani.

"Mwaitu, usimtaje!" Mwikali akapiga kelele. "Nakuomba, usimtaje mwanangu!"

"Jina silitaji." Akavuta pumzi. "Mimi ni Ndunge wa Kyalo. Nilisema kwangu tuko watatu. Tuko wanne."

"Kauli imepokelewa," akasema Mlezi.

"Sijamaliza. Zamani mliniuliza watoto, nikasema wawili." Akanitafuta kwa macho. "Nilikuwa nao watatu."

"Kauli ya zamani haihitajiki."

"Mimi naihitaji," akasema Mwaitu.

Tukangoja. Nilisikiliza mwamba kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kimya. Mwikali alikuwa ameanza kulia chinichini, akimwita Kioko. Kimya tena. Nikajiambia, hakuna, walijaza kwa mdomo, nimemtoa mama yangu na mtoto wa dada yangu kafara kwa ajili ya mstari kwenye skrini.

Kisha kitu kikagonga ndani ya jiwe, mbali, kama mlango wa stoo iliyosahaulika. Kikagonga tena, karibu zaidi. Na kwenye vifundo vya miguu nikahisi ubaridi.

Ulikuwa kidogo. Ulikuwa wa mtu mmoja tu.

Musembi alikuwa amekwisha kufika kwenye tundu. "Mimi Musembi wa Mutiso," akasema, sauti inamtetemeka. Nyuma yake wakapanga mstari, wanaume kwa wanawake, wengine wakilia, wengine wamefunika nyuso kwa aibu ya kusema jambo lile mbele za watu. Kila aliyesema, mwamba uligonga. Hewa ikaanza kusogea pangoni kama mtu anayetembea. Chini ya taa watoto wakakohoa, wakafumbua macho, wakaanza kuomba maji.

Nikamchukua Kalondu nikampakata. Nilidhani yamekwisha.

"Kwa mujibu wa sheria," akasema Mlezi, kwa ile sauti yake ya chekechea, "idadi kamili itasomwa kwa sauti, ili ithibitishwe na wote."

Woi! Niliona pango zima likijikunja.

"Usisome!" nikapaza sauti. "Andika tu! Usisome!"

"Kauli ya mgeni haihusiki."

Akina mama wakawarukia watoto wao. Viganja vikafunika masikio kila upande, leso zikatupwa vichwani. Nami, mwenye kulipwa kusoma namba za watu, niliuvuta uso wa Kalondu kifuani kwangu nikamziba masikio yote mawili, nikaminya kwa nguvu. Aliniangalia kwa mshangao.

Ndipo mikono miwili ikaja kutoka nyuma yangu. Ilikuwa mikavu, ina harufu ya mafuta ya kujipaka. Ikanifunika masikio mimi, ikakaza, na nikausikia mwili wa Mwaitu mgongoni kwangu ukipanda na kushuka, unapumua.

Najua ilisomwa, kwa sababu nilimwona Mwikali akifumba macho. Bwana Odera atauliza tulikuwa wangapi mle pangoni. Nitamwambia ni hao anaowaona.